KONA YA MIKONO NA HESABU: Kiwanda cha mbao chenye kimo cha goti

Mwezi huu kona yetu itatembea mbali kidogo, hadi Kanada, halafu tutarudi hapa kambini kabla ukurasa haujaisha. Shikeni kalamu, kuna hesabu.

Kijana mmoja aliyesoma hapa kwetu, enzi zile darasa bado ni shitingi na miti minne, yuko Kanada na familia yake. Alinitumia picha kwenye simu. Jirani yake huko ni mzee aliyestaafu, na huyo mzee ana treni ndogo inayozunguka bustani yake. Siyo treni ya kuchezea sebuleni, hapana. Reli imelazwa nje, kwenye udongo, inapita kati ya maua, inavuka kidaraja, inapotea nyuma ya kichaka na kutokea upande wa pili. Picha ya pili ndiyo iliyonishika: kando ya reli kuna kiwanda kizima cha kupasua mbao, kimo chake kama goti la mtu, na bwawa lake la magogo mbele. Kijana akaandika: "Mwalimu, hakununua hata mlango. Kila ubao kakata mwenyewe."

Nilipomwonyesha mama mmoja wa bloku yetu alicheka mpaka akakaa chini. Eti mtu mzima, mvi kichwani, anacheza na treni! Sawa, mama, cheka tu. Lakini ngoja nikueleze kazi iliyomo, halafu useme tena kama ni mchezo.

Tuanze na reli. Treni nyingi za bustanini zinatembea kwenye reli yenye upana wa milimita 45, chuma hadi chuma. Kampuni ya Lehmann ya Ujerumani ilianza kuuza treni zake za LGB mwaka 1968, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvumilia mvua na jua, na tangu hapo mchezo huu wa bustani ukaenea sana. Sasa watoto wa hesabu, sikilizeni. Reli ya zamani ya kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, ambayo wengi wenu mnaijua au mmeisikia, ina upana wa milimita 1,000. Ukitaka kuiweka kwenye reli ndogo ya 45, unagawanya: 1,000 kwa 45 ni 22 na kidogo. Ndiyo maana treni za LGB zinajengwa kwa skeli ya 1 kwa 22.5. Treni nyembamba za misituni huko Marekani nyingi zilikuwa na upana wa milimita 914. Gawanya kwa 45, unapata 20.3. Na reli pana, ile inayotumika Ulaya na Amerika sehemu nyingi, ni milimita 1,435. Gawanya, unapata karibu 32.

Mnaona? Reli ndogo ni ileile moja, lakini skeli inabadilika kulingana na treni ya kweli unayoifuata. Mtu akichanganya, akaweka nyumba ya 1 kwa 22.5 kando ya treni ya 1 kwa 32, basi mlango utakuwa mkubwa mno kwa dereva. Yule mzee amechagua 32. Kwa hiyo mtu wa mita 1 na sentimita 75 kwake ni sentimita 5 na nusu tu, kama kidole.

Kiwanda alichokijenga si cha kubuni. Kinaitwa McLean Mill, kiko karibu na mji wa Port Alberni, kwenye kisiwa cha Vancouver, magharibi kabisa ya Kanada. Bwana R. B. McLean na wanawe walikianzisha mwaka 1926, kikafanya kazi hadi 1965. Kilikuwa kiwanda cha familia, siyo cha kampuni kubwa. Kiliendeshwa kwa mvuke. Mwaka 1989 serikali ya Kanada ilikitangaza kuwa mahali pa historia ya taifa, na baadaye mtambo ukafufuliwa, wageni wakawa wanaenda kutazama gogo likipasuliwa kama zamani. Kulikuwa hata na treni ya mvuke ya kuwapeleka kutoka mjini, nambari 7, iliyotengenezwa na Baldwin wa Marekani mwaka 1929.

Wanaume wengi hapa kambini mmepasua mbao kwa mkono, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza uchungu wake. Gogo juu ya shimo, mmoja juu, mmoja chini, yule wa chini macho yamejaa unga wa mbao. Ubao mmoja mpaka kwapa zilie. Sasa tazameni kiwanda cha mvuke kinavyofanya, maana bila kujua kazi huwezi kuijenga kwa udogo.

Kwanza kuna bwawa. Pale McLean walikizuia kijito cha Kitsucksis ili maji yajae. Watu wengi wanafikiri bwawa ni la kuhifadhi magogo tu. Hapana. Gogo likiburutwa msituni linabeba mchanga na vijiwe kwenye gamba, na kijiwe kimoja kinatosha kuharibu meno ya msumeno. Majini gogo linaoshwa. Tena majini mtu mmoja mwenye mti mrefu wa ncha ya chuma anasukuma gogo la tani kadhaa kama anasukuma mtumbwi. Nchi kavu hata watu kumi wangeshindwa.

Kutoka bwawani mnyororo unalipandisha gogo hadi ghorofani. Ndiyo, msumeno unakaa juu, na chini yake, chini ya sakafu, ndiko kuna shafti ndefu, mapuli na mikanda inayotoa nguvu kwenye injini ya mvuke na kuigawa kwa kila mashine. Gogo linalazwa juu ya toroli lenye magurudumu, linafungwa kwa makucha ya chuma, halafu toroli linakwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, na kila likipita mbele ya msumeno wa duara ubao mmoja unaanguka. Kwa miti minene kama ile ya Douglas, ambayo kipenyo chake kinaweza kupita mita moja na nusu, msumeno mmoja hautoshi, kwa hiyo viwanda vingi viliweka misumeno miwili, mmoja juu ya mwenzake, wa juu unamalizia pale wa chini usipofika. Kelele ni nyingi mno, hakuna anayesikia neno. Mpasuaji mkuu anaongea na mwenzake wa kwenye toroli kwa vidole: vidole hivi maana yake unene huu, ngumi maana yake kingine.

Na mabanzi, yale makapi ya ubavuni yenye gamba, hayatupwi yote. Yanaingia kwenye moto wa boila, maji yanachemka, mvuke unazungusha injini, injini inazungusha msumeno unaotoa mabanzi mengine. Kiwanda kinajilisha chenyewe. Hapo mimi nilisimama kidogo nikafikiria kuni zetu za hapa, lakini tuendelee.

Sasa unakijengaje kitu kama hicho bustanini, kuanzia sifuri? Madukani huko kuna seti za vipande tayari, unabandika kwa gundi jioni moja kazi imeisha. Lakini hakuna duka linalouza seti ya kila kiwanda cha zamani duniani. Ukitaka kile hasa, chenye mlango wake palepale na dirisha lake lililopinda, lazima upime mwenyewe.

Kama kiwanda bado kimesimama, unaenda na mita na daftari. Kama hakipo, una picha tu. Na hapa ndipo panaponifurahisha kama mwalimu. Picha moja inaweza kukupa urefu wa jengo zima ukiwa na kitu kimoja tu unachokijua kipimo chake. Tuseme kwenye picha kuna mlango. Milango mingi ina kimo cha mita 2. Unaweka rula juu ya picha: mlango una sentimita 1 na milimita 2. Ukuta uleule wenye mlango una sentimita 4 na milimita 8. Ukuta ni mara nne ya mlango, kwa hiyo una mita 8. Gawanya kwa 32: sentimita 25. Basi, umeshapata ukuta wako. Kuna sharti moja tu: mlango na ukuta viwe umbali mmoja kutoka kwa mpiga picha. Ukipima mlango wa mbele na paa la nyuma, hesabu itakudanganya, maana vitu vya mbali vinaonekana vidogo. Mtu aliyesimama mlangoni anasaidia pia, au pipa, au upana wa reli yenyewe, kwani upana wa reli haudanganyi.

Halafu kuna shida ya nafasi. Banda la mita 48 kwa skeli ya 32 ni mita 1 na nusu. Hapo bado hujaweka bwawa, hujaweka sehemu ya kupanga mbao, hujaweka nyumba ya boila. Bustani itajaa kiwanda, treni itapita wapi? Mafundi wa kazi hii wana ujanja: hawapunguzi skeli, wanapunguza nguzo. Kama banda lilikuwa na vyumba kumi na viwili kati ya nguzo na nguzo, wao wanajenga vinane. Mlango unabaki na kipimo chake, dirisha linabaki na kipimo chake, na macho ya mtazamaji yanakubali. Mimi naona ni ujanja halali, mradi fundi aseme wazi. Ukificha, umedanganya historia kidogo.

Ubao nao una mambo yake. Ubao wa kweli wa sentimita 2 na nusu, kwa skeli hiyo, unakuwa na unene wa milimita 0.8, kama karatasi ngumu. Ukiuacha mvuani unajikunja siku hiyohiyo. Kwa hiyo wanaukata mnene kidogo, milimita 2 hivi, na hakuna anayegundua. Wanapenda mti wa mwerezi kwa sababu hauozi haraka. Gundi lazima iwe ile isiyoyeyuka majini, na penye uzito wanaongeza misumari midogo ya shaba, kwani ya chuma itatoa machozi ya kutu ukutani. Jengo lote linakaa juu ya msingi wa zege au mawe, siyo udongo, juu ya mchwa na unyevu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Unaweza kupunguza kila kitu mara 32, lakini mvua hukuipunguza. Tone la mvua la milimita 4 likianguka juu ya kiwanda hicho ni sawa na jiwe la maji la sentimita 13 likianguka juu ya kiwanda cha kweli. Na uzito je? Urefu umegawanywa kwa 32, eneo limegawanywa kwa 32 mara 32, yaani 1,024, na ujazo kwa 32 mara 32 mara 32, yaani 32,768. Jengo lililokuwa na tani nyingi sasa linabebwa mkononi, na upepo wa kawaida kabisa unaliondoka nalo. Kwa hiyo lazima lifungwe chini kwa skrubu. Watoto wa darasa la sita, hiyo 32,768 hakikisheni wenyewe bila kikokotoo.

Rangi ya uzee haipakwi, inapikwa. Wanachukua siki, wanaloweka ndani sufu ya chuma ile ya kusugulia sufuria, wanaacha siku chache. Maji hayo ukiyapaka kwenye mbao mpya yanazigeuza kijivu kama zimenyeshewa miaka 40. Bati la paa wanalitengeneza kwa makopo ya soda: unakata, unanyoosha, unaliweka juu ya kibao chenye mifereji, unapitisha msumari butu kwenye kila mfereji. Mgongo hadi mgongo wa bati la kweli ni kama sentimita 7 na nusu, kwa hiyo mifereji yako iachane milimita 2 na kidogo. Msumeno wa mita moja na nusu unakuwa mfuniko wa kopo uliochongwa meno. Puli ni vifungo vya shati na magurudumu ya saa mbovu. Bomba la moshi ni kipande cha bomba la maji. Magogo ni matawi membamba ya bustanini, lakini yachaguliwe yenye gamba laini, maana gamba likiwa na mikwaruzo mikubwa linaonekana kama la jitu. Hata unga wa mbao wa kweli ni mkubwa mno kwa skeli hiyo, kila punje inaonekana kama kipande cha kuni. Wanatumia vumbi la msasa.

Watoto wetu wanaotengeneza magari ya waya na makopo ya mafuta ya mgao wataona hapo hakuna kitu kigeni. Kazi ni ileile. Tofauti ni moja tu: wao wanapima kwa jicho, huyu anapima kwa rula.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Niliporudisha picha kwenye simu na kuikuza, niliona kuwa mzee yule hakuishia kwenye kiwanda. Pembeni, mbali na nyumba ya bosi, kaweka vibanda vidogo. Nikamuuliza kijana, naye akaenda kumuuliza jirani. Jibu likaja: ni makao ya wafanyakazi wa Asia. Kwenye viwanda vya mbao vya pwani ile Wachina, Wajapani na Wahindi walifanya kazi pamoja na wazungu, lakini usiku hawakulala pamoja. Walitengewa sehemu yao.

Na mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya Kanada iliwaondoa watu wote wenye asili ya Kijapani kwenye ukanda wa kilomita 160 kutoka pwani. Walikuwa kama 22,000, na wengi wao walizaliwa hukohuko Kanada. Wakapelekwa kwenye kambi na vijiji vya bara, kwenye baridi. Nyumba zao, mashua zao na maduka yao serikali ikayauza bila ruhusa yao. Vita viliisha 1945, lakini ruhusa ya kurudi pwani walipata 1949 tu. Serikali iliomba msamaha mwaka 1988, miaka 46 baada ya kuwaondoa. Mimi sikujua kabisa kwamba Kanada, nchi ambayo hapa kila mtu anaitaja kwa mate mdomoni, iliwahi kuwa na watu wake kambini.

Fundi anayejenga kiwanda cha zamani anaweza kuviacha vibanda vile. Hakuna atakayemlaumu. Treni itazunguka vizuri, msumeno utang'aa, wageni watapiga picha. Tena kwenye picha nyingi za zamani mpiga picha alisimama mbele ya mtambo, siyo mbele ya vibanda, kwa hiyo hata vipimo vyake ni vigumu kupata. Kuviweka ni kazi ya ziada, ni kuuliza watu. Yule mzee kaviweka. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kazi iliyonishinda kuiita mchezo, hata mama yule wa kucheka acheke tena.

Basi turudi hapa kwetu. Kuna mzee mmoja, bloku ya juu, mnamwona akikaa na fimbo yake karibu na bomba la maji. Kabla ya vita alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mbao milimani, kule nyumbani. Kiwanda hicho hakipo tena, mashine zilibebwa, mabati yaling'olewa, na picha hata moja hatuna. Jina la familia yake limo kwenye listi ya safari. Tarehe haijatoka, na mnajua listi zetu, inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwaka. Wanafunzi wa darasa la sita wakasema: mwalimu, tukijenge.

Banda lilikuwa na ukubwa gani? Mzee hana mita, ana miguu. Akafumba macho akasema: hatua thelathini kwa urefu, kumi na mbili kwa upana. Anajua kwa sababu kila asubuhi alilipitia akikagua mikanda kabla mtambo haujawashwa. Tukampeleka kwenye uwanja wa mpira, akatembea hatua kumi, tukapima: mita 6 na nusu. Kabla hatujaandika chochote msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, hizi ni hatua za leo. Babu alikuwa kijana." Jameni! Uwanja mzima ulinyamaza. Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza. Akamwita mjukuu wake, kijana wa miaka 24 mwenye kimo kilekile alichokuwa nacho yeye, akamwambia tembea kama mtu anayewahi kazini. Hatua kumi zikatoa mita 7 na nusu.

Kwa hiyo banda lilikuwa na mita 22 na nusu kwa mita 9. Kwa skeli ya 32 ni sentimita 70 kwa 28, linaingia juu ya meza ya darasa. Vitu vingine tumevipata mwilini mwake: mlango wa nyuma alilazimika kuinama, dirisha la ofisi lilimfika kwenye kidevu, gogo nene kuliko yote aliyowahi kuona lilimzidi kifua akisimama kando yake. Alama za vidole bado anazo zote. Aliwafundisha watoto, na siku mbili hizi darasani kwangu hakuna anayeongea, wote wanaonyeshana unene wa mbao.

Tulipochora njia ya kuingilia, bibi yake akatoka ndani. Akauliza: na wanawake mmewaweka wapi? Maana kila jioni, filimbi ikilia, wanawake wa kijiji walikuja nyuma ya kiwanda kuokota mabanzi ya kupikia. Mzee akasema ndiyo, walipita upande wa barabara. Bibi akasema hapana, upande wa mto, barabarani mlinzi alikuwa anawafukuza. Wakabishana pale mbele yetu, miaka zaidi ya 40 ya ndoa. Mzee akasema yeye ndiye aliyefanya kazi mle. Bibi akasema: "Wewe ulikuwa ndani. Mimi ndiye nilikuwa na mzigo kichwani." Njia tumeiweka upande wa mto, na mlinzi tumemweka barabarani. Watoto wanawatengeneza wanawake kwa waya na vitambaa, sentimita 5 kila mmoja.

Kazi inaendelea kila Jumamosi baada ya saa nane, chini ya mti ulio nyuma ya darasa la tatu. Tunahitaji makopo ya soda, vifuniko vya makopo ya mafuta, vifungo vya zamani, vipande vya mbao kutoka kwa maseremala, na siki kidogo kama kuna mama anayo. Na tunahitaji kitu kikubwa kuliko hivyo vyote. Bomba la moshi hatujui urefu wake. Mzee anasema lilipita mti wa mwembe uliokuwa pale langoni, lakini mwembe huo hakuupima mtu. Kama kati yenu kuna aliyewahi kuuza maandazi kwenye lango lile, au aliyeupanda mwembe ule utotoni, au aliyekuwa anapita pale akienda shule, tafadhali aje atuambie. Asiogope kutojua mita. Atuambie tu kivuli cha bomba kilifika wapi saa za mchana, tutapata pa kuanzia.